Je, wajua kwa nini kiwavi wa mwingajini hagusi mchicha?

Mvua zikishika huku kusini, viwanja vya Mikindani hugeuka pori kwa wiki chache. Mwaka huu nilichelewa kufyeka nyuma ya nyumba, mwingajini ukanifika kifuani. Juu maua ya njano, kwenye majani viwavi wa kijani wenye mstari hafifu ubavuni. Jirani yangu, bibi mwenye tuta la mchicha hatua tatu tu kutoka hapo, akaja na panga. Simlaumu. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini Tanzania mwaka 2017 na kushambulia mahindi, jina la kiwavi limeharibika.

Nilimwomba asubiri. Siku zikapita, mwingajini ukabaki vijiti, mchicha haukutobolewa hata jani moja. "Mwanangu," akaniuliza, "hawa wamekula kiapo gani na mchicha wangu?"

Kiapo amekula mama yao. Kipepeo akiwa na njaa hana makuu, hunyonya utamu wa ua lolote linalomfaa. Akitaka kutaga ndipo anapoanza kuchagua. Mfuatilie siku moja: anatua, anapigapiga jani kwa miguu ya mbele, anaondoka, anatua kwingine, anarudi. Anaonja. Miguuni ana vinyweleo vinavyotambua ladha, na jani lisilo na ladha anayoijua halipati yai. Akikosea, watoto wamekwisha, kwa sababu kiwavi anayeanguliwa ni mdogo kuliko punje ya mchele na hawezi kuvuka uwanja kutafuta chakula kingine.

Sasa, ladha yenyewe mara nyingi ni sumu. Mmea hauna miguu ya kukimbilia, hivyo hujilinda kwa kemikali, na kila ukoo wa mimea una zake. Mwingajini, kwa mfano, mbegu zake hudhuru mifugo (majini nawaachia waganga). Ila kiwavi huyu, mtoto wa kipepeo mweupe aitwaye Catopsilia florella, tumbo lake limezoea kemikali za ukoo huo vizazi na vizazi. Kinachowafukuza wengine, kwake ni harufu ya jikoni. Mchicha una kemia nyingine kabisa, kwa hiyo kiwavi huyu hautambui kuwa ni chakula, hata akiwa na njaa.

Ushahidi mzuri uko kwenye mlimau. Milimau na michungwa asili yake ni Asia, ililetwa Afrika na watu. Lakini kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, Papilio demodocus, ni wa Afrika hasa, na zamani alitaga kwenye miti ya porini ya ukoo uleule. Mlimau ulipofika, miguu yake ilitambua ladha ya nyumbani. Viwavi wake wakiwa wadogo hufanana na kinyesi cha ndege. Wakikua huwa kijani, na ukiwagusa huchomoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Kwenye mimea fulani ya porini yenye utomvu mweupe utamkuta kiwavi mwenye mistari myeusi, myeupe na ya njano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni. Utomvu ule una sumu ya moyo. Yeye huila, huihifadhi mwilini, na hubaki nayo hata akishakuwa kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa. Ndege akimmeza hutapika, na hasahau.

Hapo ndipo ninapopapenda zaidi. Chini, pembezoni mwa njia, kuna tako la hasani, lile jani nene lenye kiua cha njano kinachofunguka jua likitoka. Linalisha viwavi wa kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus. Huyo hana sumu ya utomvu ule, ila jike lake lina rangi zilezile za chungwa na nyeusi, utadhani ameazima kanga ya jirani. Ndege humwacha. Dume halijali: jeusi, lenye mabaka makubwa meupe yanayong'aa zambarau pembeni.

Bibi alisikiliza yote, akarudisha panga ukumbini. "Hao wa mwingajini lea wewe," akasema. "Wa mlimau wangu watakula kuku." Jana nilimwona jogoo wake akidonoa mmoja, akamtema, akafuta mdomo mchangani.