Miss ya kiingereza: kukosa, kuachwa na basi na kummisi mtu

Kuna siku nilimwandikia mtu "I missed you" nikitaka kumwambia nimekumisi, akanijibu "and now?", yaani na sasa hivi je, hamu imeshaisha? Nilicheka ila nikabaki najiuliza nimekosea wapi, maana kichwani niliona nimekumisi ina -me-, na -me- si ndo jambo limeshatokea, kwa hiyo nikaweka -ed nikatuma.

Kumbe shida ilikuwa hiyo hiyo -me-. Mara nyingi -me- yetu haisemi jambo limepita, inasema hali ipo sa hivi. Nimechoka, nimeshiba, nimekasirika, mtu akisema hivo bado amechoka na bado ana hasira zake anavyoongea na wewe, na kiingereza hizo zote wanazisema kwa wakati uliopo, "I am tired", "I am full". Nimekumisi iko kundi hilo hilo kwa hiyo ni "I miss you" basi, bila -ed. "I missed you" ni nilikumisi, ile unayomwambia mtu mkishaonana na roho imeshatulia. "I've missed you" nayo ipo na wala sio kosa, inabeba kipindi chote tangu muachane mpaka sasa, ndo maana utaisikia zaidi watu wakiwa ndo wanakumbatiana mlangoni au wamepigiana baada ya kimya kirefu.

Lakini maana ya kwanza kabisa ya hili neno haikuwa mapenzi, ilikuwa shabaha. Kiingereza cha kale walisema missan, kulenga kitu ukakikosa, na kwenye Beowulf, utenzi wa kale ambao nakala yake iliyobaki ni ya kama mwaka 1000 hivi, kuna jamaa anarusha mshale unakosa shabaha unamuua kaka yake, na kitenzi kilichotumika pale ni hiki hiki. Kwa hiyo risasi imemkosa ni "the bullet missed him", mchezaji kakosa penati ni "he missed the penalty", hapo kukosa na miss wanaenda sambamba kabisa. Ile ya kummisi mtu ilikuja baadaye, na ukiifikiria inaeleweka tu, unanyoosha mkono kwa mtu uliyezoea yupo afu hayupo.

Sasa watu wengi wakishajua miss ni kukosa wanaibandika kila mahali, hapo ndo wanaharibu. Chukua basi. "I missed the bus" sio nimekosa basi, mimi ukiniambia umekosa basi nitaelewa hakuna basi kabisa au yote yamejaa. Kiswahili chake ni nimeachwa na basi. Na hii huwa inanifurahisha, mwingereza anajisema yeye ndo kalikosa, sisi tunalitupia lawama basi limetuacha hata kama tulichelewa wenyewe kuamka. Vilevile nimekosa kwa maana ya nimefanya kosa, nimekosa nisamehe, usithubutu kusema "I have missed, forgive me", mtu atatafuta ni nini ulikuwa unakilenga. Hapo ni "I was wrong" au "I made a mistake".

Ukifika kwa mtu ukaambiwa "you just missed him" maana yake mmepishana, ametoka sa hivi tu, sio kwamba wewe umemmisi. Na ndo hapo "I missed you yesterday" inapochanganya, inaweza kuwa nilikuja jana nikakukosa na inaweza kuwa jana nilikumisi, ukisikia "at the office" mwishoni basi mara nyingi ni ya kwanza. Kwenye maongezi "sorry, I missed that" ni samahani hiyo imenipita, sijakusikia vizuri. "You're missing the point" ni hujanipata bado, na sio lugha ya kumwambia bosi. "Miss out" ni kupitwa, wenzako wanafaidi wewe haupo. Anayekuelekeza njia akikwambia "you can't miss it" anamaanisha ukifika utaiona tu, ingawa mimi kila nikiambiwa hivo napotea.

Kingine ni kitenzi kinachofuata. Sisi tunasema nimemisi kuongea na wewe, basi mtu anaandika "I miss to talk to you". Hapana, miss haipokei "to" namna hiyo, inataka -ing: "I miss talking to you", "I miss living there". Hata nusura nigongwe ni "I narrowly missed being hit".

Na kupoteza kitu je? Ukipoteza waleti usiseme "I miss my wallet", hiyo ni kama unaikumbuka kwa uchungu, una hamu nayo. Sema "I lost my wallet" au "my wallet is missing", yaani haionekani. Hiyo missing ndo utaikuta pia kwa mtu asiyejulikana alipo, na kwa kitabu chenye ukurasa uliochanika, "there's a page missing".

Miss ya kumwita mwalimu au dada ambaye hajaolewa haihusiani na haya yote, ile ni mistress iliyofupishwa, zimegongana tu matamshi. Ila mtu anayehama akiagwa kwa "you won't be missed", hiyo ni kitenzi chetu kabisa, ameambiwa aende salama na hakuna atakayemkumbuka.