Astro, nyasi bandia na uwanja wa nyasi bandia

Jijini Nairobi mtu akisema anakwenda astro, kila mmoja anaelewa kwamba anakwenda kucheza soka jioni kwenye kiwanja kidogo cha kukodi chenye nyasi za plastiki. Matumizi hayo yamekwisha kukubalika na hayana madhara. Yenye madhara ni yale ya matangazo ya wauzaji, ambamo astro ni kitu chochote cha kijani kinachouzwa kwa mita: zulia la baraza, pambo la roshani, na siku hizi hata uwanja wa michezo wa nyuma ya nyumba, ambao mwenye nyumba huaminishwa kuwa ataupata kwa kununua marobota machache na kuyatandaza juu ya udongo.

Nyasi bandia ni nyuzi za plastiki, ambazo sasa kwa kawaida ni za polithini, zilizoshonewa kwenye kitambaa kigumu ambacho mgongo wake umepakwa gundi nzito na kuachiwa matundu ya kupitisha maji. Uwanja wa nyasi bandia ni jumla ya tabaka zilizopangwa moja juu ya nyingine, na nyasi hizo ni tabaka mojawapo tu.

Jina astro lilianzia kwenye besiboli, wala halikuhusu nyasi kwa namna yoyote. Mwaka 1964 kampuni ya Monsanto ya Marekani ilitandika zulia la nailoni liitwalo ChemGrass katika shule ya Moses Brown, mjini Providence, kwa nia ya kuwapatia watoto wa mijini mahali pa kuchezea. Mwaka uliofuata ulifunguliwa Astrodome mjini Houston, uwanja mkubwa wenye paa, uliopewa jina linaloakisi safari za anga ambazo mji huo ulikuwa ukizisimamia. Astro linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyota. Ndani ya Astrodome zilipandwa nyasi halisi, na paa likawekewa vioo vya plastiki ili jua liingie. Wachezaji wakalalamika kwamba mwanga ule uliwafanya wasiuone mpira ukiwa hewani, vioo vikapakwa rangi, na nyasi zikafa kwa kukosa jua. Mwaka 1966 ChemGrass ikaletwa kuziba pengo, ikianza na sehemu ya ndani ya kiwanja kwa kuwa zulia lililokuwapo halikutosha kiwanja chote, kisha ikabadilishwa jina na kuwa AstroTurf. Kwa hiyo astro ni jina la bidhaa ya kampuni moja, na jina hilo lilizaliwa ndani ya jengo ambalo mvua haikuingia. Mvua ndiyo itakayouhukumu uwanja wa uani kwako, na jina hilo halikuambii lolote kuihusu.

Jina hilo linaficha pia kwamba nyasi hizi zina vizazi. Kizazi cha kwanza kilikuwa cha nailoni fupi, ngumu, isiyojazwa kitu, na wachezaji walioteleza juu yake waliondoka na michubuko iliyofanana na ya moto. Cha pili kilikuwa na nyuzi ndefu kidogo zilizojazwa mchanga. Cha tatu, kilichoenea kuanzia miaka ya 1990, kina nyuzi laini za milimita 40 hadi 65 zilizojazwa mchanga na chembe za raba, na hicho ndicho kinachofaa soka. Tenisi huchezwa kwenye nyuzi fupi zaidi zenye mchanga, ilhali hoki hutaka nyuzi fupi zilizosongamana, ambazo katika mashindano makubwa humwagiwa maji badala ya kujazwa chembe. Mpira wa kikapu haudundi sawasawa juu ya nyuzi ndefu zilizojazwa, kwa hiyo anayeahidiwa uwanja mmoja wa soka na kikapu kwa nyasi zilezile ameahidiwa kisichowezekana.

Kuna pia nyasi za mapambo, na mkanganyiko mkubwa uko hapa. Ukizipekua utaona vijinyuzi vya kahawia vilivyojikunja chini ya zile za kijani, vilivyowekwa ili zifanane na nyasi za bustani. Zinapendeza, lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya viatu vya soka wala kwa mchezaji anayegeuka ghafla; nyuzi zake hulala mapema na hazisimami tena.

Chini ya nyasi ndiko fedha nyingi inakopaswa kwenda. Udongo wa juu wenye mizizi huondolewa, kwa kawaida kina cha sentimita 10 hadi 15 na zaidi panapokuwa na udongo wa mfinyanzi, kisha huwekwa kokoto zilizopondwa, zikishindiliwa kwa mashine tabaka kwa tabaka, na uso huachiwa mteremko wa takriban asilimia moja ili maji yapate njia. Ukingo wa zege huzuia kokoto zisitawanyike. Vipande vya nyasi huunganishwa kwa utepe na gundi, nyuzi zote zikiwa zimelalia upande mmoja, kwani kipande kilichogeuzwa huonekana kuwa cha rangi nyingine hata kama kimetoka kwenye robota lilelile. Mchanga unaojazwa lazima uwe umeoshwa, kwa sababu wenye vumbi la udongo huganda na kuziba matundu. Ikumbukwe pia kwamba plastiki hii hupata joto kali sana jua la mchana linapoipiga, kuliko nyasi hai, na kivuli cha ukuta au saa ya jioni ni sehemu ya mpango kama zilivyo kokoto.

Basi katika mazungumzo, anayeita kiwanja chake astro aachwe aendelee. Katika makubaliano na fundi, neno hilo liondolewe, na mahali pake paandikwe mchezo unaokusudiwa, urefu wa nyuzi, aina ya kijazio, unene wa kokoto baada ya kushindiliwa, na upande ambao maji yataelekea. Muuzaji mwenye robota peke yake bado anauza bidhaa halali. Aiite tu nyasi bandia.