Mtoto wa jicho "aliyeiva": kwa nini upasuaji wake ni mgumu?

Bibi aliambiwa asubiri mtoto wa jicho aive. Sasa mboni ni nyeupe kama maziwa, na daktari anasema kazi itakuwa ngumu. Imekuwaje?

Ushauri huo ni wa zamani, enzi lenzi ya jicho (ndiyo inayopata ukungu) ilipotolewa nzima pamoja na mfuko wake, yaani utando unaoizunguka. Siku hizi mfuko huachwa, maana ndimo lenzi ya bandia inamokaa, nao ni mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Daktari huukata tundu la duara upande wa mbele, akisaidiwa na mwanga mwekundu unaorudi kutoka nyuma ya jicho. Lenzi ikishakuwa nyeupe, mwanga huo haupiti. Ni kama kukata karatasi nyeupe juu ya shuka jeupe. Ndiyo maana huupaka mfuko rangi ya buluu iitwayo tripani.

Hatari nyingine ni lenzi kuvimba maji. Ukiigusa tu, mfuko huweza kuchanika hadi pembeni, weupe ukajitokeza katikati ya buluu. Madaktari huiita bendera ya Argentina, na hakuna anayependa kuiona. Kuikwepa, hutoboa kwa sindano nyembamba na kufyonza maji kwanza.

Si bora afanyiwe kwa mashine?

Si lazima. Mashine ya fako (si leza, kama wengi wanavyodhani) huvunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti kupitia tundu la milimita 2 hadi 3. Lenzi ngumu ya kahawia hudai nguvu nyingi, na nguvu hiyo huumiza seli za ndani ya konea (kioo cha mbele cha jicho), ambazo zikifa hazioti tena. Hapo njia ya mkono hufaa zaidi: mkato wa milimita 6 hadi 7 kwenye weupe wa jicho, uliochongwa kama handaki, lenzi inatoka, na mara nyingi hakuna mshono. Wanaoiita upasuaji wa maskini wanakosea.

Babu naye anatumia dawa ya tezi dume. Inahusu macho?

Sana, hasa tamsulosini. Hulegeza airisi, ile sehemu yenye rangi, ikawa inapepea kama pazia huku mboni ikisinyaa katikati ya upasuaji. Kuiacha siku chache kabla hakuondoi tatizo, hivyo asiiache kienyeji, aitaje tu. Daktari akijua ataandaa vindoana au pete ya kushikilia mboni. Aseme pia kama aliwahi kupigwa jichoni, hata utotoni: nyuzi zinazoshikilia lenzi huenda zimekatika, na mfuko utahitaji pete yake ya kuukaza.