Sura za kale kwa bi harusi wa leo: yanayosemwa na yalivyo

Msimu wa harusi ukifika, mabinti hunijia kupambwa hapa Mkunazini, Unguja, na picha kwenye simu: malkia wa Misri, nyota wa sinema wa miaka ya 1920, malkia wa Uingereza mweupe kama chokaa. Nazipenda sana sura hizi. Bi harusi akitoka nazo ukumbini, vigelegele havikatiki. Lakini kila picha huja na maneno yake, na mengi si kweli.

"Nipake wanja wa Cleopatra." Wamisri walipaka wanja zaidi ya miaka 2,000 kabla Cleopatra hajazaliwa, wanaume kwa wanawake. Wala haukuwa mweusi peke yake. Enzi za mwanzo walipenda kijani cha malakiti, jiwe lenye shaba. Kwa hiyo aliyechagua nguo ya kijani siku ya hina, mstari wa kijani chini ya jicho nao ni wa kale.

"Cha kale ni cha asili, hakidhuru." Hili ndilo linaloniuma. Wanja mweusi wa Misri ulisagwa kwa galena, jiwe lenye madini ya risasi. Weupe wa uso wa enzi za Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala tangu 1558 hadi 1603, ulitokana na risasi iliyoliwa na mvuke wa siki. Hata leo, baadhi ya wanja wa vikopo ukipimwa hukutwa na risasi. Chukua mchoro na rangi ya enzi hizo, basi. Vya kupaka viwe vya leo, vyenye maelezo ya vilivyomo.

Na sisi tuna letu, piko. Watu huiita hina nyeusi, ilhali hina ya majani huanza na rangi ya machungwa ikakolea hadi wekundu wa udongo. Haifiki kwenye weusi. Weusi wa piko hutoka kwenye dawa ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Nilimpokea binti mmoja asubuhi ya harusi yake, maua ya mkononi yameumuka malengelenge, jani kwa jani, kikonyo kwa kikonyo, hata ungeweza kuufuata mchoro kwa kidole ukiwa umefumba macho. Na haiishii hapo. Ngozi iliyopata mzio wa PPD huweza kuwaka tena miaka mingi baadaye, siku atakapopaka dawa ya kawaida ya nywele.

"Midomo ya miaka ya 1920 ilikuwa myeusi." Ilikuwa myekundu iliyokoza. Filamu nyingi za kamera za wakati ule hazikuiona rangi nyekundu, kwa hiyo pichani ikatoka nyeusi.

"Nyusi nyembamba za enzi hizo lazima zinyolewe." Hapana, mwanangu. Wengi hapa Unguja hawataki kunyoa nyusi kwa sababu ya dini, na nyusi zikinyonyolewa mara kwa mara huenda zisirudi. Nalowesha kipande cha sabuni, nalaza unywele mmoja mmoja kwa brashi ndogo, naacha ikauke, halafu konsila, ile krimu ya kufichia madoa, na poda. Juu yake nachora uzi wa penseli. Jioni anaosha, nyusi zake zipo.

La mwisho linalosemwa ni kwamba Zanzibar haina enzi ya kuigwa. Si kweli. Bibi Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866; picha yake maarufu ya mavazi ya kwetu ilipigwa Hamburg. Wanawake wa nyumba kama yao walivaa barakoa zilizotariziwa dhahabu na fedha, na jicho ndilo lililosema. Nikipaka sura hiyo, mdomo nauacha mtulivu. Wanja nauvuta juu na chini mpaka ukutane pembeni, kisha natia uzi mwembamba wa dhahabu juu ya kope, mahali ambapo pindo la barakoa lingepita.