Swali la “Alikuwa Nani Hasa” Linavyopotosha Wasifu

Kwa mara nyingine nimesoma rasimu ya wasifu ambayo mwandishi wake anaahidi, katika ukurasa wa kwanza kabisa, kufichua “utambulisho halisi” wa mtu aliyefariki zaidi ya karne mbili zilizopita. Ahadi hiyo imezagaa katika kazi za wanafunzi na hata za watafiti wazoefu, nami sioni tena sababu ya kuipokea kwa upole. Inachukulia kwamba ndani ya kila mtu kuna kitu kimoja kilichokamilika, kwamba nyaraka ama zinakionyesha ama zinakificha, na kwamba kazi ya mwanahistoria ni kukifukua. Nyaraka hazihifadhi kitu cha namna hiyo. Zinahifadhi vitendo: fulani alimwandika fulani kwa jina hili, mbele ya mamlaka hii, siku hii, kwa haja hii.

Lipo kwanza swali la iwapo watu wanaotajwa katika hati mbili ni mtu mmoja. Mwaka 1560 mahakama ya Toulouse, Ufaransa, ilihangaika nalo kuhusu mwanamume aliyeishi katika kijiji cha Artigat akijiita Martin Guerre. Mashahidi walieleza makovu na kimo, fundi viatu akaeleza kipimo cha mguu, na shauri lilikatika pale tu Martin mwenyewe aliporejea. Hilo ni suala la ushahidi, lina mbinu zake, na sitalikalia. Kinachonikera ni mtafiti kulijibu swali hilo kisha akadhani amekwisha kujibu jingine, yaani mtu huyo alijielewaje.

Tumchukue Olaudah Equiano, mtumwa aliyejikomboa na kuandika maisha yake. Katika tawasifu yake iliyotoka London mwaka 1789 anasema alizaliwa katika nchi ya Waigbo, Afrika Magharibi. Daftari la ubatizo la mwaka 1759, katika kanisa la St Margaret's, Westminster, linasema alizaliwa Carolina, Amerika, na orodha ya mabaharia wa safari ya Aktiki ya mwaka 1773 inataja South Carolina. Tangu hati hizo zilipojadiliwa hadharani mwishoni mwa miaka ya 1990, wasomaji wengi wamegawanyika katika kambi mbili, moja ikisema alidanganya na nyingine ikisema hati ndizo zinazodanganya, na kila kambi inaamini kwamba ikishinda itakuwa imempata Equiano wa kweli. Mimi huuliza kwanza nani alikuwa akizungumza. Mwaka 1759 alikuwa mtoto mtumwa, na maneno ya daftari yangeweza kutoka kwa yeyote aliyesimama karibu na karani. Mwaka 1773 alikuwa mtu mzima aliyekwisha kujinunulia uhuru mwaka 1766, kwa hiyo hati ya pili ina uzito tofauti, ingawa nayo haielezi kwa nini alijibu hivyo, kama ni yeye aliyejibu. Na hata tukipata uhakika wa mahali alipozaliwa, tutakuwa tumejua mahali alipozaliwa tu. Katika shughuli zake za kila siku alitumia jina la Gustavus Vassa, alilopewa na bwana aliyemnunua. Katika jalada la kitabu aliyaweka majina yote mawili, na kuongeza kwamba yeye ni Mwafrika. Kuliita mojawapo barakoa na jingine uso ni uamuzi wetu, wala hakuna hati inayotuamrisha hivyo.

Hapo ndipo hujibiwa, kwa haraka na kwa kujiamini, kwamba utambulisho ni wa namna nyingi na hubadilika daima. Jibu hili linanisumbua kuliko kosa lenyewe, kwa kuwa linaonekana kama tiba. Mwaka 2000 mwanasosholojia Rogers Brubaker na mwanahistoria Frederick Cooper walionyesha kwamba dhana inayobeba kila kitu kwa wakati mmoja, uthabiti na mabadiliko, nafsi na kundi, haichambui tena chochote. Wakapendekeza tutenganishe kutambulishwa na wengine, kujielewa, na hisia za kuwa pamoja na kundi. Mtafiti anayeandika kwamba mhusika wake “alikuwa na utambulisho tano” amekizidisha kile kitu cha kufukuliwa mara tano, wala hajakiacha. Vivyo hivyo, kusema kwamba utambulisho wake “ulibadilika” hakuelezi nani alimtaka ajitambulishe, adhabu ya kukataa ilikuwa ipi, na ni majina gani yaliyokuwepo ya kuchagua wakati huo.

Hata hivyo, nina shaka ambayo sijaweza kuiondoa. Kanuni hii inamfaa mtu kama Equiano, aliyeacha maneno yake mwenyewe. Kwa mtumwa aliyebaki katika orodha ya mali ya bwana wake tu, nikikataa kusema lolote zaidi ya kilichoandikwa, ninamwacha jinsi bwana wake alivyomwandika, na kukataa huko nako kunakuwa na upande katika shauri. Kwa hiyo mimi hukisia kutokana na mwenendo: alitoroka kwenda kwa nani, aliwapa watoto wake majina gani, nani walisimama kuwa wadhamini wa ubatizo wao. Sentensi hizo huziandika kwa “huenda” na “inaelekea”, nami nakataa wahariri wanapotaka kuzifanya za hakika, lakini jina la mtoto laweza kuwa limechaguliwa na bwana pia, na mara nyingi orodha niliyo nayo haitoshi kunionyesha tofauti.