Kwa nini mkia wa tausi una macho? Kisa cha jitu la Argos na wafalme wake

Tausi dume akitandaza mkia, kinachomshtua mtu si rangi. Ni yale macho. Okota unyoya mmoja ulioanguka uutazame kwa karibu: katikati kuna doa la buluu iliyokolea, limebonyea upande mmoja kama moyo, likazungukwa na feruzi, kisha rangi ya shaba, kisha kijani kinachobadilika kila ukiugeuza unyoya kwenye mwanga. Ndege mmoja huweza kubeba macho ya namna hiyo karibu 150. (Na kusema kweli huo si mkia hasa. Ni manyoya marefu yanayoota juu ya mkia. Mkia wenyewe ni mfupi, umejificha chini yake ukiyategemeza.)

Wanabiolojia wana jibu lao. Charles Darwin, ambaye mwaka 1860 alimwandikia rafiki yake Asa Gray kwamba kila akiutazama unyoya wa tausi anaugua, alikuja kueleza mwaka 1871 kuwa majike huchagua madume yaliyojipamba zaidi, na mapambo yakazidi kizazi baada ya kizazi. Wagiriki na Warumi hawakumngoja Darwin. Wao walisema macho yale ni macho kweli, na yalikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe aliitwa Argos, jitu lenye lakabu ya Panoptes, yaani mwona-yote.

Zeus, mkuu wa miungu, alimtamani Io, binti wa Inachos, mungu wa mto, na kuhani wa Hera, mke wa Zeus mwenyewe. Hera aliponusa jambo, Zeus akamgeuza msichana kuwa mtamba mweupe. Hera akajifanya hajui kitu, akamsifia mtamba, kisha akamwomba awe zawadi. Mume angemnyima mkewe ng'ombe mmoja? Angekuwa amejifichua. Akamtoa. Hera naye, kwa kuwa alimjua vizuri aliyemwoa, akamkabidhi mtamba kwa Argos.

Mshairi wa Kirumi Ovid anasema Argos alikuwa na macho mia moja, mawili yakilala kwa zamu na yaliyobaki yakikesha. Hata akimpa Io mgongo, alikuwa akimwona. Mchana alimwacha alishe, jua likizama alimfunga shingoni. Io alitaka kunyoosha mikono aombe huruma, mikono hana. Alitaka kulalamika, ukamtoka mlio wa ng'ombe, akaiogopa sauti yake mwenyewe. Siku moja malisho yakamfikisha kwenye mto wa baba yake. Inachos akamchumia majani bila kujua anamlisha nani, naye akamramba mkono, kisha akaandika jina lake mavumbini kwa kwato. Hebu fikiria: IO, mstari mmoja na duara moja. Angeitwa Klytaimnestra, kisa kingeishia hapo.

Zeus akamtuma Hermes, mjumbe wa miungu, akamuue Argos. Hermes akajifanya mchunga mbuzi mwenye filimbi ya matete. Argos, aliyechoshwa na upweke kama mlinzi yeyote, akamkaribisha wakae kivulini. Hermes akapiga, akapiga. Macho mengine yakasinzia, mengine yakagoma. Argos akauliza filimbi hii imetoka wapi, Hermes akaanza kumsimulia juu ya Syrinx, binti aliyegeuka matete akimkimbia mungu Pan. Hakufika mwisho. Macho yote mia yalikuwa yamefumba. Akampitishia fimbo yake ili usingizi uzidi kuzama, kisha akashusha upanga uliopinda. Hera akayaokota macho akayapachika kwenye manyoya ya ndege wake, tausi.

Hivyo ndivyo kisa kinavyosimuliwa karibu kila mahali, na kina kasoro moja: tausi amechelewa kufika.

Ovid aliandika mwanzoni mwa karne ya 1 BK. Rudi nyuma karne kadhaa uone. Shairi la kale lililohusishwa na Hesiod, mshairi wa Kigiriki, linampa Argos macho manne tu, yakitazama huku na huku, na usingizi haumgusi. Msimulizi mwingine, Pherekydes, anamwongezea jicho moja tu, kisogoni. Wachoraji wa vyungu wa karne ya 5 KK walimjaza macho kifuani, tumboni hadi mapajani, na Hermes anamjia na upanga. Tausi hayumo.

Katika masimulizi ya Apollodoros, mwandishi wa Kigiriki, Hermes alikusudia kumwiba ng'ombe kimyakimya, lakini mtu mmoja aitwaye Hierax akaitoboa siri, ikabidi Argos auawe kwa jiwe. Baada ya hapo Hera akamtuma mdudu amuume Io na kumfukuza nchi hadi nchi. Hierax kwa Kigiriki ni kipanga, yule ndege. Na mdudu anayeuma ng'ombe, sisi tunamwita nani? Kipanga pia. Kwa Kiswahili basi, Io aliponzwa na kipanga, kisha akafukuzwa na kipanga. Wagiriki hawakuwa na bahati hiyo ya lugha.

Turudi kwa tausi. Asili yake ni India na Sri Lanka, na katika Athens ya karne ya 5 KK bado alikuwa kioja. Pyrilampes, rafiki wa Pericles, kiongozi wa Athens, na mtu aliyewahi kwenda Uajemi kwa ujumbe wa kibalozi, alifuga tausi, na mwanawe akaendelea. Watu waliruhusiwa kuwatazama mwezi unapoandama tu, na wengine walisafiri kutoka Sparta na Thessaly wakitamani wapate mayai. Jozi ilitajwa kuwa na thamani ya drakma 1,000, wakati fundi stadi alilipwa kama drakma moja kwa siku. Kisa cha mchungaji na ng'ombe hakikuzaliwa kwa ajili ya ndege wa bei hiyo.

Kilichotokea, kwa maoni yangu, ni kiraka. Tausi walifugwa kwenye hekalu la Hera kisiwani Samos, wakawa ndege wake, hata sarafu za huko zikabeba picha yao. Hapo kukawa na ndege wa Hera mwenye macho yasiyo na maelezo, na mtumishi wa Hera aliyekufa na macho yasiyojulikana yalikokwenda. Katika karne ya 2 KK mshairi Moschos anaeleza ndege mwenye mabawa ya rangi nyingi akichomoza kutoka katika damu ya Argos. Kwa Ovid, Hera anayapachika macho kwa mkono wake.

Basi kabla ya tausi, kisa hiki kilikuwa na kazi gani? Nadhani kilikuwa cha wafalme. Argos ni mji pia, kule Peloponnesos, kusini mwa Ugiriki, na Inachos ni mto wake. Mwana wa Inachos, Phoroneus, alisifiwa na wenyeji kwamba yeye ndiye aliyewapa watu moto, si Prometheus kama wengine walivyosema. Mjukuu wa Phoroneus aliitwa Argos, akaupa mji jina, na kwa hesabu ya Apollodoros jitu letu ni kitukuu cha mfalme huyo. Mlinzi alikuwa wa ukoo. Io naye, alipokimbizwa, alivuka mlango wa bahari ukaitwa Bosporos, kivuko cha ng'ombe, akafika Misri akamzaa Epaphos. Kilembwe cha Io, Danaos, alirudi kutoka Misri na mabinti 50 akadai ufalme wa Argos. Mgeni kutoka ng'ambo angedaije kiti? Kwa kusema kwamba hakuja, amerudi. Ng'ombe aliyefungwa kamba ndiye hati yake.

Jina hilo moja la mtu na mji lilimponza hata mfalme wa kweli. Karibu mwaka 494 KK Kleomenes wa Sparta aliahidiwa na mtabiri wa mungu Apollo kule Delphi kwamba ataitwaa Argos. Aliwashinda Waargos, waliosalia wakakimbilia kichaka kitakatifu, akakichoma moto. Wakati kinaungua akauliza ni cha mungu gani. Akaambiwa: cha Argos. Akaguna kwa uchungu, akamlaumu Apollo kwa kumdanganya, kwani ahadi ilikuwa imekwisha kutimia. Akarudi nyumbani na mji akauacha.

Hekalu kuu la Hera katika nchi hiyo lilikuwa kati ya Argos na mji jirani wa Mycenae, na wasimulizi wa kale walisema Io alifungwa kwenye mzeituni ndani ya kichaka cha watu wa Mycenae. Msafiri Pausanias alipolitembelea katika karne ya 2 BK alikuta zawadi za watawala wa Roma. Nero alikuwa ametoa taji la dhahabu na joho la zambarau. Hadrian alikuwa ametoa tausi, wa dhahabu na vito vinavyometameta.