Polishi inakula rangi, hailindi

Wakuu, hii ya "nimepiga polishi mwezi uliopita mbona gari imeshapauka" naomba tuimalize leo maana nimechoka kuijibu. Polishi hailindi kitu. Kazi yake ni kusaga kidogo klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi linalofunika rangi ya gari, ili mikwaruzo ipotee, na klia yenyewe kwa gari nyingi ni kama mikroni 40 hadi 50 tu (mikroni elfu moja ndo milimita moja), unywele wako mara nyingi ni mnene kuliko hiyo. Na hizi used za Japani huwezi jua zilishapigwa mashine ya polishi mara ngapi kabla ya kupanda meli.

Kwa hiyo ukimaliza polishi gari inang'aa ila iko uchi. Jua la Dar, upepo wa chumvi kwa mnaokaa Kigamboni, utomvu wa mwembe, vyote vinatua kwenye klia moja kwa moja.

Sasa linaloniudhi zaidi ni mafuta. Polishi nyingi zina mafuta ndani, yanajaza vile vikwaruzo vya mviringo, ukimwaga maji yanajikunja vitone vitone unashangilia eti gari imelindwa. Imelindwa na nini?? Iosheni mara mbili tatu kwa sabuni ya unga mafuta yanatoka, mikwaruzo hiyoo imerudi, fundi anatukanwa. Mbaya zaidi ukipaka silanti (ulinzi wa kutengenezwa kiwandani, unapakwa kama waksi) juu ya mafuta haiishiki rangi, inashika mafuta, itaondoka nayo. Kuyatoa hayo mafuta, chukua spiriti sehemu moja, maji tatu, lowesha kitambaa cha maikrofaiba, futa paneli moja moja kivulini bodi ikiwa imepoa, halafu mulika tochi kwa ubavu. Mikwaruzo ikitokea tena ujue hukuitoa, uliifukia tu, rudi kwenye mashine. (Rangi iliyopigwa juzi gereji msiiguse, iacheni ikauke mpaka ndani kwanza.)

Hapo ndo unapaka ulinzi, na paka kidogo, ukijaza utafuta mpaka usiku. Waksi ya karnauba (nta ya majani ya mnazi wa Brazili) inapendeza ila kwa joto letu haikai. Silanti inakaa zaidi, seramiki (ulinzi wa maji maji unaokauka na kuwa mgumu juu ya klia) zaidi ya zote, na hapana, seramiki haizuii kokoto za lori.

Ile "miezi 6" inayoandikwa kwenye kopo la silanti siiamini kwa gari inayolala nje. Hata kupima kwa kumwaga maji kama ulinzi bado upo hakunishawishi sana, vumbi na chokaa ya maji ya kisima vikiganda juu maji yanalala tu hata kama silanti bado ipo, osha vizuri uone yanavyokimbia tena. Na mionzi ya jua je? Tabaka lenyewe la silanti ni jembamba mno, nina mashaka kama linazuia chochote cha maana. Dawa ya jua kiwanda kinaiweka ndani ya klia, hiyohiyo mnayoisaga kila mwezi.

Kinyesi cha kunguru usikikwangue kikiwa kikavu. Weka kitambaa chenye maji juu yake kilainike ndo ufute, na iwe siku hiyohiyo, usisubiri Jumamosi ya kuosha gari.